Fantasia haijaharibiwa na mapenzi, imeikimbia ndoa

Januari 2025 ilitoka Onyx Storm, riwaya ya tatu ya Rebecca Yarros kwenye ule mfululizo wake wa majoka na wapanda majoka, na ndani ya wiki moja ikauza nakala zaidi ya milioni 2.7. Tangu hapo hakuna amani. Kambi moja inalia kwamba fantasia imekwisha, imegeuzwa stori za kutongozana, dunia inaungua moto na wahusika wako bize wanaangaliana macho. Kambi ya pili inajibu waacheni watu wasome wanachokipenda, mbona mapigano ya panga kurasa 40 hamjawahi kuyalalamikia. Wanarushiana maneno kama vile ishu ni kipimo, yaani mapenzi yamezidi ama yanatosha. Mi naona wote wanagombania kitu kingine kabisa. Kama hujaimaliza hiyo riwaya basi ruka mpaka aya inayofuata, maana nataja mwisho wake: Violet, mhusika mkuu, anazinduka akiwa na masaa 12 yaliyofutwa kichwani, kidoleni ana pete, na kuna karatasi inayothibitisha kwamba ameshaolewa. Niliposoma hapo nilirudi nyuma kurasa kadhaa nikidhani nimeruka sura. Sikuruka. Kitabu kilichojaa mapenzi mpaka kinamwagika, ikifika zamu ya harusi mwandishi ameifungia gizani, msomaji hajaiona na bibi harusi mwenyewe haikumbuki.

Msimamo wangu niuseme mapema. Mapenzi kwenye fantasia ni mwenye nyumba, hajaja jana. Kilichopotea ni ndoa, na nikisema ndoa simaanishi sherehe wala cheti, namaanisha lile sharti ambalo visasili vya kale vilikuwa vinaliweka katikati ya watu wawili, neno ambalo mmoja amempa mwenzake na anaweza kulivunja wakati wowote. Romantasi, yaani hizi riwaya zinazochanganya mapenzi na fantasia, imechukua kutoka kwenye visasili karibu kila kitu, jumba la ajabu, mume wa kutisha, laana, hata lile komamanga, ila sharti imeliacha nyuma na mahali pake imeweka kuandikiwa, yaani mwenza uliyepangiwa hata kabla hamjajuana. Hilo badiliko ni kubwa kuliko watu wanavyodhani na ndo linalonifanya niandike.

Kwenye hili Kiswahili kinatusaidia kuliko lugha ambazo vitabu vyenyewe vimeandikwa nazo. Sisi tuna harusi na tuna ndoa, na hakuna anayezichanganya, moja inaisha usiku huohuo na nyingine inaanza asubuhi yake. Alafu tuna kuoa, kuolewa na kuoana, herufi mbili tatu tu zinabadilika kwenye kitenzi lakini zinakwambia nani alitenda, nani alitendewa, na lini walitendana. Ukisoma visasili ukiwa na maneno hayo matatu mkononi unaona mambo ambayo mtu mwingine anaweza kuyapita.

Tuanze mbali. Karne ya 2 Apuleius, mzaliwa wa Madauros, mji uliokuwa kwenye nchi ambayo leo ni Algeria, aliandika kwa Kilatini kisa cha Psyche, na ukikisoma sasa hivi unashangaa maana romantasi nzima imo humo. Binti mfalme mdogo, mzuri kupita kiasi, utabiri unasema mume wake ni kiumbe wa kutisha kama nyoka, basi wanamvalisha na kumsindikiza mlimani huku wanalia, harusi imegeuka mazishi. Upepo unambeba mpaka kwenye jumba ambalo watumishi wake ni sauti tu. Mume anakuja usiku, gizani, anaondoka kabla hakujapambazuka, na sharti lake ni moja, usijaribu kuniona. Psyche anampenda hivyohivyo, anabeba mimba yake. Dada zake wanakuja wanamjaza maneno, huyo ni nyoka anakunenepesha akumeze wewe na mtoto, na usiku mmoja anashika taa ya mafuta mkono huu na wembe mkono ule, anamulika kitandani, anamkuta Cupid, mungu wa mapenzi mwenyewe, amelala. Kwenye kule kuduwaa tone la mafuta ya moto linamdondokea mume begani. Anaruka, anaondoka.

Sasa angalia kisa kinaweka wapi uzito wake. Kupendana kulishatokea na kumekwisha kwenye kurasa chache. Sehemu ndefu ni ya baada ya taa, mke mwenye mimba anazunguka dunia kumtafuta mumewe, mama mkwe Venus anammwagia chini lundo la ngano, shayiri, mtama, dengu na maharage, vyote vimechanganyikana, anamwambia achambue kila aina peke yake kabla ya usiku, alafu Venus huyo anaenda zake kwenye karamu ya harusi ya watu wengine. Wanaokuja kumsaidia Psyche ni sisimizi. Hiyo picha ya mwanamke amekaa mbele ya lundo la nafaka, ameduwaa, hajui aanzie wapi, kwangu inasema kuhusu ndoa zaidi ya busu lolote nililowahi kusoma kwenye fantasia. Psyche aliolewa gizani, kwa kutendewa, na anapolifika lundo lile ndo kwa mara ya kwanza anaishikilia ndoa kwa mikono yake mwenyewe.

Kingine ni cha Ufaransa, mwishoni mwa karne ya 14, kisa cha Mélusine kama alivyokiandika Jean d'Arras. Raymondin anamuoa mwanamke wa ajabu kwa sharti kwamba siku ya Jumamosi asimtafute. Wanaishi miaka mingi, wanazaa, mke anajenga ngome na miji, mambo yanaenda. Siku moja mume anatiwa maneno, anatoboa mlango kwa ncha ya upanga, anachungulia, anamuona mkewe yuko kwenye maji anaoga na kuanzia kiunoni kushuka ana mkia wa nyoka. Watu wengi wakikisimulia kisa hiki wanaishia hapo, alichungulia akaachwa. Lakini Jean d'Arras hakuandika hivyo. Kwake Mélusine anajua kwamba ameonwa, na ananyamaza, kwa sababu mume naye amenyamaza hajamwambia mtu, wanaendelea kuishi pamoja kila mmoja amebeba siri ya mwenzake. Kinachoivunja ndoa ni baadaye, mtoto wao mmoja anachoma monasteri na watawa wakiwa ndani, baba amepagawa kwa uchungu, anamgeukia mkewe mbele za watu anamwita nyoka. Hapo ndo Mélusine anatoka dirishani na mbawa na harudi tena kuwa mke. Kumbe kuona kulisameheka, ambacho hakikusameheka ni kumtangaza. Aliyewahi kukaa na mtu chini ya paa moja anaielewa tofauti hiyo, yale unayoyajua kuhusu mwenzako na yale unayoyatoa nje siku umekasirika.

Visa vya aina hii vimejaa duniani. Uskoti na Ireland kuna selki, mwanamke wa baharini ambaye mume ameficha ngozi yake ya sili ili asirudi majini, na siku akiipata anaondoka hata kama ana watoto. Japani kuna mke ambaye kumbe ni korongo, anafuma kitambaa kwa manyoya yake mwenyewe chumbani na kaomba asichunguliwe. India ya kale kuna Urvashi na Pururavas, na mabishano yao ya kuachana yamo kwenye Rig Veda, moja ya maandishi ya zamani kabisa tuliyonayo. Nchi tofauti, karne tofauti, mifupa ileile: mtu ameoana na kiumbe asiyemwelewa mpaka mwisho, kati yao kuna sharti, na uhai wa sharti uko kwenye kuweza kuvunjika. Kama Raymondin asingeweza kuchungulia basi ile miaka yote ambayo Jumamosi ilifika na hakuchungulia isingekuwa na maana yoyote.

Hata Mrembo na Zimwi, kisa ambacho romantasi inakirudia kuliko vyote, kilianza hivyo. Toleo la kwanza ni la Gabrielle-Suzanne de Villeneuve, mwaka 1740, na humo kila usiku zimwi linamuuliza binti kama atakubali kulala nalo, binti anasema hapana, zimwi linaondoka. Mwaka 1756 Jeanne-Marie Leprince de Beaumont alilifupisha akalisafisha na swali likawa utakubali kuwa mke wangu. Swali lilibadilika, kuulizwa kulibaki. Kila usiku linaulizwa upya na kila usiku jibu ni la binti. Kumbuka pia kwamba Villeneuve hakuishia zimwi lilipogeuka kijana, aliendelea kurasa nyingi sana, mama wa kijana anaikataa ndoa kwa sababu binti anajulikana kuwa mtoto wa mfanyabiashara, habari za ukoo zinatolewa, wakwe wanabishana. Yale yote Beaumont aliyakata, na sisi tulichorithi ni kile kisa kifupi kinachoishia na wakaishi raha mustarehe.

Fantasia ya karne ya 20 ilipoanza ilikuwa bado inalijua hili. Lord Dunsany mwaka 1924 alitoa riwaya kuhusu kijana Alveric anayeenda kumleta Lirazel, binti wa mfalme wa nchi ya maajabu, na mwandishi mwingine angeishia pale wanaporudi wameshikana mikono. Dunsany anawaoza mapema alafu anauliza sasa wataishije? Lirazel anaona watu wanaabudu, na yeye anataka kuabudu, basi anaabudu nyota, mume anamwambia hapa kwetu hatufanyi hivyo. Kila alichonacho yeye ni kosa nyumbani kwa mumewe. Alveric anampenda kwelikweli na bado kila siku anamrekebisha, mpaka siku upepo unambeba mke na majani makavu kumrudisha kwa baba yake, na mume anamaliza miaka na miaka anaitafuta nchi ambayo mpaka wake unamkimbia. Hakuna adui humo, kuna mume mwema asiyejua kumwacha mkewe awe alivyo.

Na Tolkien, mwandishi wa The Lord of the Rings, ambaye kambi ya wanaolalamika inapenda kumshika kama ngao, eti huyu ndo aliandika fantasia ya wanaume na vita bila mapenzi. Wangesoma vizuri. Akiwa kijana alimpenda Edith Bratt, mlezi wake akamkataza hata kumwandikia barua mpaka atimize miaka 21, akatii, na alipotimiza tu akamwandikia, kumbe Edith alishachumbiwa na mwingine, akamfuata mpaka uchumba ule ukavunjika, wakafunga ndoa Machi 1916 na baada ya miezi michache yeye akaenda vitani Ufaransa. Kisa chake cha Beren na Lúthien kilitokana na siku Edith alipomchezea dansi porini huko Yorkshire, na majina hayo mawili yamechongwa kwenye kaburi lao Oxford. Mtu wa namna hiyo ungetegemea ahubiri kuandikiwa. Lakini mwaka 1941 alipomwandikia mwanawe Michael barua kuhusu ndoa alimwambia jambo jingine, kwamba karibu kila ndoa, hata yenye furaha, ni kosa kwa maana kwamba kila mmoja angeweza kupata mwenza anayemfaa zaidi, lakini mwenza wa kweli wa roho yako ni yule ambaye umeshaoana naye. Yaani kuandikiwa kunakuja nyuma ya ahadi, hakuitangulii. Sentensi hiyo nimeitafakari sana, na mi naona ndo mpaka kati ya fantasia ile na hii ya leo.

Tuje kwa hii ya leo. Sarah J. Maas alianza mfululizo wake mkubwa mwaka 2015, na kitabu cha kwanza kimejengwa juu ya Mrembo na Zimwi waziwazi. Humo kuna wazo ambalo sasa limeenea kila mahali, kwamba kati ya hao fei, viumbe fulani kama majini wa kizungu, mtu anaweza kuwa na mwenza wake wa kuandikiwa, na kifungo hicho kipo kabla hawajajuana, kinasikika mwilini, na nafsi zao zinaongea bila mdomo. Waandishi wengi wakalibeba. Ukiangalia kwa makini utaona limefanya nini kwenye kisasili: swali la kila usiku limefutwa. Jibu lilikuwepo kabla ya swali, kilichobaki ni wahusika kuchelewa kulijua, na kurasa 400 za kuchelewa ndo tunaziita mapenzi. Shaka ya Psyche, ile ya nimelala na nani, haiwezi kutokea kwa watu ambao mmoja anaingia kichwani kwa mwenzake na kukuta kila kitu kimenyooka.

Lazima niwe mkweli kwa upande wa pili, maana wana hoja nzito. Visasili hivyo ninavyovisifia vilikuwa vya kuolewa, siyo vya kuoana. Psyche hakuulizwa. Selki aliibiwa ngozi, huo ni utekaji, tusiupambe. Fantasia ya miaka mingi ilimpa shujaa binti mfalme kama zawadi ya kuua joka na binti hakuwa hata na mstari wa kuongea. Msomaji wa kike aliyekulia kwenye hayo, akifungua kitabu ambamo mwanaume mwenye nguvu za kubomoa mlima anasimama anauliza unataka?, anasubiri, na anakubali kuambiwa hapana, huyo msomaji hajadanganywa, amepewa kitu ambacho alinyimwa. Na Maas mwenyewe, tumpe haki yake, kwenye kitabu cha pili cha mwaka 2016 anamsimamisha Feyre, mhusika wake mkuu, na gauni la harusi njiani kuelekea kwa bwana harusi na miguu inakataa kwenda, anaomba moyoni mtu amtoe pale. Ni ukurasa mzuri sana, hofu ya kuolewa imeandikwa na mtu anayeijua. Humo humo Rhysand, mwanaume aliyeandikiwa Feyre, anasema wazazi wake walikuwa wameandikiwana na hawakufaana, na kifungo kinakubaliwa pale mwanamke anapompa mwanaume chakula kwa hiari yake, kwa hiyo Feyre anapasha supu, anaiweka mezani, na ile supu ina uzito kuliko mabawa na nyota zote za kitabu kile. Kwa hiyo wanaosema romantasi haijui chochote kuhusu ridhaa hawajaisoma.

Ila angalia kinachotokea baada ya supu. Kwenye kitabu cha 2021 Rhysand anagundua kwamba ujauzito wa Feyre unaweza kumuua, na anamficha jambo hilo. Mume anajua, marafiki wanajua, mke mwenye mwili wake hajui. Hapo Maas alifika mlangoni kwa Mélusine bila kutaka, siri kati ya watu wawili walioapa, nani ana haki ya kujua nini kuhusu mwili wa nani, na wasomaji wengi walikasirika kwa haki kabisa, wakategemea ndoa ile itikisike. Haikutikisika. Ugomvi ulimalizika haraka, muujiza ukaja mwishoni, maisha yakaendelea, kwa sababu watu walioandikiwana hawawezi kuachana na mwandishi anajua hivyo na sisi tunajua hivyo. Kifungo kilichomlinda Feyre asiolewe vibaya ndo hichohicho kilichomnyima haki ya kuondoka, ama hata kutishia tu kuondoka. Mtu asiyeweza kuondoka, kubaki kwake kunasema nini?

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile ya kambi ya kwanza, kwamba mapenzi yameingilia fantasia kutoka nje na kwamba huu ni usomaji wa wasichana. Nimeshaonyesha kwamba kihistoria ni uongo, mapenzi na ndoa vipo tangu Apuleius na kabla yake. Lakini ni hoja dhaifu pia kwa sababu wanaoitoa hawajiulizi kwanini Odisea, ule utenzi wa kale wa Kigiriki ambao hakuna anayeuita wa wasichana, kilele chake kiko kitandani. Odysseus aliahidiwa na Calypso kutokufa na kutozeeka, akakataa, akataka kurudi kwa mke ambaye alikiri mwenyewe kwamba kwa uzuri hamfikii yule mungu mke. Anafika nyumbani, anaua waposaji ukumbi mzima, na bado Penelope hamkubali. Anamwambia mtumishi amtolee mgeni kile kitanda nje akalale. Odysseus anawaka, nani amekihamisha kitanda changu? maana alikichonga kwenye shina la mzeituni lenye mizizi ardhini, akajenga chumba kukizunguka, hakihamishiki, na siri hiyo wanaijua wao wawili na mjakazi mmoja. Hapo ndo magoti ya Penelope yanalegea. Miaka 20, vita, majitu, bahari, na mtihani mkubwa kuliko yote ni fundi seremala na mkewe wanakumbushana kitanda. Anayetaka kuitoa ndoa kwenye fantasia ili abaki na vita aanze kwa kutuambia Odisea anaikata wapi.

Kuna ubishi mwingine kuhusu kisa cha Hades, mungu wa kuzimu, na Persephone, binti wa Demeter, mungu mke wa nafaka, ambacho siku hizi kimekuwa kisa cha mapenzi kinachorudiwa pengine kuliko chote, na watu wanakasirika eti kisasili kimesalitiwa. Kubadilisha kisasili siyo usaliti, Wagiriki wenyewe walikuwa wanakibadilisha kila mshairi na toleo lake. Tatizo langu liko kwingine. Kwenye ule utenzi wa kale wa Demeter, Zeus, baba wa binti, na Hades wanakubaliana wao wawili, binti anachukuliwa akichuma maua, na mwenye stori ni mama. Siku tisa anazunguka na mienge mikononi, hali, hanywi, haogi, kisha anaizuia nafaka isiote dunia nzima mpaka binti arudishwe, na anarudi akiwa ameshakula punje ya komamanga aliyopewa kwa hila, ndo maana theluthi ya mwaka inabidi akae chini. Matoleo mengi ya sasa yamegeuza kuolewa kukawa kuoana, na mi sina neno, binti ampende huyo bwana akitaka. Lakini ili lifanyike hilo mama amegeuzwa kikwazo, mama mbanaji, anayemfungia binti ndani, na mienge ile imezimwa. Ndoa imebakizwa na watu wawili tu, hakuna wakwe, hakuna mama anayelia, hakuna mgawanyo wa miezi, na kisasili chenyewe kilikuwa juu ya huo mgawanyo, kwamba mtu akioana na mtu kuna wengine wanaompoteza kwa sehemu fulani ya mwaka na inabidi kukaa chini kukubaliana.

Jibu ninalolisikia sana nikiyasema haya ni kwamba ndoa haina stori, watu wakishaoana hakuna cha kusimulia, mvuto unaisha. Nalielewa, lakini ushahidi unakataa. Susanna Clarke mwaka 2004 aliandika riwaya nene ya wachawi wa Uingereza ambamo jeraha lote la Jonathan Strange ni kwamba alikuwa bize na vitabu vyake na hakumtazama mkewe vizuri Arabella alipokuwa anachukuliwa, na mwisho anamkomboa lakini yeye mwenyewe yuko ndani ya giza lisilotoka, wanaonana, wanaachana, anamwambia asijivike ujane. Terry Pratchett alimuumba Sam Vimes, mkuu wa polisi ambaye saa 12 jioni lazima awe nyumbani kumsomea mtoto kitabu cha picha, vita viwepo visiwepo, na kutoka kwenye ahadi hiyo ndogo amepata moja ya matukio makali kabisa kwenye fantasia nzima. Na Ursula Le Guin, ambaye wachawi wake wa Earthsea tangu 1968 walikuwa hawagusi wanawake, alirudi mwaka 1990 akauliza kwanini, akawaandika Ged na Tenar wakiwa watu wazima, Ged amepoteza uchawi wote, Tenar ni mjane wa mkulima, kuna mbuzi wa kuchungwa na mtoto aliyeungua moto wa kulelewa, na wanaanza kuishi pamoja. Hakuna aliyewaandikia. Ged hana tena kitu cha kumpa zaidi ya mikono yake, na wanapokubaliana ndo nilielewa kwamba kumbe ndoa inaweza kuwa uchawi unaobaki uchawi ukiisha.

Kwa hiyo kwa anayeandika fantasia sasa hivi, na najua mnaandika, wengi tu kwenye simu usiku, ombi langu siyo mpunguze mapenzi. Rudisheni sharti. Mpe mhusika wako mwenza ambaye hamjui mpaka mwisho, mpe neno la kulilinda, na acha mlango uwe unafunguka kweli. Kama umeweka kuandikiwa basi kuwe na namna ya kukukataa, na wakati mwingine kukataliwe na dunia isibomoke. Waoze kurasa ya 50 tuone. Weka mama mkwe.

Na nisiseme romantasi haiwezi, kwa sababu nikirudi kwa Violet naona kitu ambacho sijui kama Yarros alikikusudia. Mfululizo umepangwa uwe vitabu vitano, vimebaki viwili, na mahali alipouacha ni hapa: mwanamke ameolewa na hakumbuki alivyoolewa, mume hayupo, na mume huyo tangu mwisho wa kitabu cha pili anageuka kidogokidogo kuwa kitu cha kutisha ambacho watu wanasema lazima kiuawe. Dada zake Psyche walisema maneno hayohayo. Kumbukumbu yake ilifutwa kwa ridhaa yake mwenyewe, kwa maana hiyo safari hii giza lile kalileta yeye, na taa iko mkononi kwake akitaka kuiwasha. Yarros akimrudishia zile saa alizopoteza kwa muujiza sura ya tatu, nitakifunga kitabu. Lakini akimwacha amtafute mume asiyemkumbuka akimuoa, amchunguze kama mgeni, apange punje moja moja, ajue alichokiapa alafu aamue kama anakiapa tena, nitakinunua hicho kitabu siku kikitoka.